Waddah bin Nani

Kwa miaka kumi na minane Hudayr hakuwa na mtoto. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu wa mtaa wa wasokota kamba siku alipohamia Dameski na gunia lake la katani mgongoni, na watu hawakumchimba, maana siku zile kila mmoja pale mjini alikuwa na lake la kuficha. Wakamwita Mzee Hudayr, basi. Sasa mjue kwamba katika nchi ile mwanamume mzima kuitwa kwa jina lake tupu ni kama kutoka nje bila kilemba. Huitwa baba wa fulani, na hata tasa hutafutiwa mtoto wa kubuni ili naye awe baba wa mtu. Mama Aslam, muuza mikate wa jirani, alijaribu mara nyingi kumvika jina.

"Tukuite Baba Katani," alimwambia. "Mwana mtulivu, halii, hali, hakuombi nguo ya sikukuu."

"Niache hivyo hivyo, mama."

"Haya, baki uchi. Shika mkate wako kabla haujapoa."

Alikuwa mwongo, mzee yule. Alikuwa naye mmoja, jina lake Waddah, na kule kijijini kwake katika mabustani ya Ghuta aliitwa Baba Waddah tangu mtoto ana siku saba, kichwa kimenyolewa. Mama wa kijana alifariki mapema kwa homa, wakabaki wawili. Mchana walisokota kamba, jioni walikula adesi kwenye bakuli moja, na kijana alikuwa na tabia ya kuchota upande wa baba yake kwa makusudi, ili wagombane kidogo wacheke. Kisha ikaja vita. Banu Abbas walitoka Khurasani na bendera nyeusi, Banu Umayya wakakusanya watu wa Shamu kwenda kuwazuia, na fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Waddah alikuwa nyasi. Walimchukua kwa sababu ya kazi yake: jeshi lina hema, hema lina kamba, na kwenye mto Zabu palitakiwa kufungwa daraja la mashua.

Hakurudi. Aliyerudi ni askari mmoja wa Hims, Aban bin Kulthum, aliyefika kwa Hudayr akijikokota, vidole vya miguu vimekufa kwa baridi. Aliomba maji kwanza, kisha akauliza, "Hapa ndipo kwa Baba Waddah?" Hudayr aliposema ndipo, yule askari alikaa chini akazungumza bila kupumzika, kama mtu anayemrudishia mwenyewe mzigo wake.

Alisema hivi. Jeshi lilivunjika. Watu walikimbilia darajani, wenye bendera nyeusi nyuma yao, na amiri mmoja akapiga kelele kwamba daraja likatwe adui asivuke. Watu wetu wangali juu yake, mamia. Askari wakaanza kuikata kamba kuu kwa panga, lakini kamba nene kama paja huikati katikati, utakesha. Ndipo Waddah alipowasukuma kando, akapachika kisu penye kiungo, pale ncha mbili zilipoungwa. Ikaachia mara moja. Na Hudayr, akisikiliza, alijua nani aliyemfundisha pale mahali, maana ni yeye. Mtoto akiwa na miaka minane, Hudayr alimshika kidole akakiweka juu ya kiungo, akamwambia, "Hapa ndipo inapokufa."

"Kisha akaona alichofanya," Aban alisema. "Mashua zilifunguka, watu wakamwagika mtoni na chuma chao mwilini. Wenzake walipanda farasi. Yeye alijifunga ncha ya kamba kiunoni akaingia. Alimtoa mtu mmoja akamlaza ukingoni. Akarudi, akamtoa wa pili. Akarudi kwa wa tatu, sikumwona tena."

"Uliyaona haya kwa macho yako?"

"Mzee, yule wa kwanza ni mimi."

Aban aliishi siku tisa, miguu ikamwoza, akafa mikononi mwa Hudayr. Wiki ile ile wengine walianza kurejea vijijini, na hao hawakuona habari ya kuokoa watu. Walichojua ni kwamba daraja lilikatwa na mtoto wa msokota kamba wa Shamu. Katika Ghuta wasokota kamba walikuwa wanahesabika. Kabla hawajaja kugonga mlango wake, Hudayr alimzika Aban, akafunga gunia, akaenda mahali ambapo hakuna aliyemjua kuwa ni baba wa mtu. Alikwenda kumficha mwanawe kwa kumkana. Njia nyingine hakuiona, na mimi simlaumu, ingawa wako watakaomlaumu.

Mambo yaligeuka, kama yanavyogeuka. Banu Umayya, waliotawala kwa miaka tisini kutoka Dameski hii hii, walifutwa. Khatibu wa Ijumaa alivaa nyeusi akaomba dua kwa jina jipya. Khalifa mpya hakutaka hata kukaa hapa. Alijijengea Baghdadi huko Iraki, na Aslam, mwana wa muuza mikate, alikwenda kufyatua matofali ya mji huo, hajaleta salamu hadi leo. Dameski ikabaki kama nyumba ya mjane, kubwa, safi, haina mgeni. Hudayr aliona inamfaa.

Basi mwaka wa kumi na nane akaja mtu kutoka mji wa Kufa, jina lake Hizam, wa miaka thelathini na kitu, mkavu, wino hadi kwenye ndevu. Alikuwa akikusanya habari za makhalifa wote, kuanzia wale wanne wa mwanzo hadi kuanguka kwa Banu Umayya, kila tukio kutoka kinywani mwa aliyeliona, au aliyesikia kwa aliyeliona. Alikaa kwenye msikiti mdogo wa mtaani, mgongo kwenye nguzo, karatasi za mafunjo magotini, na baada ya alasiri watu wakajaa uani. Si kwamba walipenda historia. Walipenda kuulizwa. Tangu khalifa aondoke hakuna aliyekuwa amewauliza kitu.

Wa kwanza kusema alikuwa Shaddad, muuza vitunguu, mwenye sauti ya sokoni. Alisimulia jinsi ndugu yake alivyosimama peke yake Zabu akaua watu kumi na mmoja. Alipofika wa saba, Hizam aliweka kalamu chini.

"Mbona huandiki?" Shaddad akauliza.

"Ndugu yako huyo, baba mmoja mama mmoja?"

"Tumbo moja."

"Basi siandiki."

"Unaniita mwongo mbele ya watu?"

"Sikuiti mwongo. Damu nzito kuliko maji. Kwa kadhi huwezi kumshuhudia ndugu yako wala mwanao kwa lenye faida kwake, na karatasi yangu haina sheria nyepesi kuliko ya kadhi. Mpe sifa mtu baki, asiye wa ukoo wako, hapo nitaandika."

"Mtu baki hakuua hata kuku," Shaddad alisema, na ua wote ukacheka, naye akaketi akinung'unika.

Ndipo Mama Aslam akasimama upande wa wanawake, unga bado mikononi. Mumewe, Bishr, alizama Zabu. Hilo mtaa mzima ulilijua, kwa sababu hakuacha kulisema.

"Mimi sitaki kusimulia, nataka kuuliza. Nani alikata daraja?"

Hizam alipekua karatasi zake. "Nina habari yake kutoka kwa watu watatu wa Mosuli. Wanasema ni kijana wa Shamu, mtoto wa msokota kamba. Alikata watu wakiwa juu, akapewa farasi, akakimbia. Jina sijalipata."

"Atafutwe jina," Mama Aslam alisema polepole. "Watu wangu wamekufa na majina yao, na yeye aishi bila jina? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyo baba yake nani? Alimfundisha nini?" Kisha akageuka. "Mzee Hudayr, wewe ni mtu wa kamba. Huwajui wenzako?"

"Wasokota kamba ni wengi, mama," Hudayr akajibu.

Watu walipotawanyika alibaki nyuma, akajifanya anatafuta kiatu. Hizam alikuwa akipuliza wino ukauke.

"Bwana, nikuulize jambo. Kama baba wa yule kijana angekuwa hai, akaja akakwambia?"

"Akaniambia nini?"

"Lolote. Ubaya, au wema."

"Baba akimshuhudia mwanawe kwa ubaya, naandika bila kusita, kwa sababu hakuna baba anayemzulia mwanawe ubaya. Akimshuhudia kwa wema, nitamsikiliza kwa adabu, nitakunywa maji yake, nitaondoka. Unamjua?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu."

"Kama kuna mtu anayejua, asichelewe. Kesho baada ya alasiri naondoka na msafara wa Hims."

Asubuhi Hudayr alikuwa kazini mapema. Msokota kamba hutembea kinyumenyume, katani kiunoni, nyuzi zikitoka vidoleni mwake, anaona alikotoka wala haoni aendako. Siku hiyo alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kifua kilikuwa kikimbana usiku, na alijua kwamba akifa, mtu wa mwisho anayejua kuwa Waddah aliingia mtoni atakuwa amekufa. Itabaki habari ya watu wa Mosuli: alikata, akapewa farasi, akakimbia. Itanakiliwa na wanafunzi wa Hizam, na wanafunzi wa hao, na watoto wa watoto wa Mama Aslam wataisoma wamlaani mtu aliyekufa maji yakiwa kifuani.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili alilionea aibu. Alitamani kuitwa. Miaka yote ile alikuwa amejiapia kwamba siku moja kabla ya kufa atasimama mahali penye watu aseme, mimi ni Baba Waddah. Mara moja tu. Wamtemee mate wakitaka. Alishawahi kuamka usingizini akidhani kijana amemwita mlangoni, akaitika, kisha akakaa gizani na lile itikio lake mdomoni, hana wa kumpa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Hudayr hata huo uchungu hakuruhusiwa kuuonyesha.

Na sasa Hizam alikuwa amemfungia milango yote miwili kwa maneno machache. Akisema yeye ni baba, kitaandikwa kisu, hakitaandikwa kitendo cha mtoni. Mwanawe atapata jina lake kamili kitabuni, Waddah bin Hudayr, na chini yake laana tupu. Akitaka mto uandikwe, lazima awe mtu baki. Hakuna njia ya tatu; aliitafuta asubuhi nzima akirudi nyuma na katani yake, na saa ya adhuhuri alikuwa amesokota kamba ndefu mno ambayo hakuna aliyeiagiza.

Baada ya alasiri ua ulijaa kuliko jana. Mizigo ya Hizam ilikuwa imeshafungwa mlangoni. Hudayr alikwenda moja kwa moja, akaketi mbele yake goti kwa goti.

"Nina habari ya daraja."

Mama Aslam akasogea mpaka akasimama karibu yao.

"Umeiona au umeisikia?" Hizam akauliza.

"Nimeisikia kwa aliyeiona. Aban bin Kulthum, mtu wa Hims. Alikuwamo mtoni. Alifia kwangu."

Hizam alichovya kalamu. Hudayr akasimulia yote, bila kupunguza: amiri, panga zilizoshindwa, kisu penye kiungo. Hapo alisikia Mama Aslam akivuta pumzi, akaendelea. Kamba kiunoni. Mtu wa kwanza, ambaye ni Aban mwenyewe. Mtu wa pili. Kurudi kwa wa tatu. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa ameifanyia mazoezi tangu alfajiri, akiizungumzia katani.

"Na hakupewa farasi?"

"Hakupewa kitu. Hakutoka mtoni."

"Aban alikutajia jina la kijana?"

"Waddah."

Hizam aliandika, kalamu ikasimama. "Bin nani?"

Hilo Hudayr hakuwa amelifanyia mazoezi. Alikuwa amefikiri kutwa nzima habari ya kisu na mto, akasahau kwamba hakuna mtu anayeingia katika maandishi ya hawa watu bila baba. Alifungua kinywa, na jina lililokuja pale mbele, tayari kutoka, lilikuwa lake mwenyewe. Akalimeza.

"Bin Abdallah," akasema.

Hizam alimtazama. Kila mtu pale alijua mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana baba, hupewa baba huyo, mja wa Mungu, ili asikose.

"Hakuwa na baba anayejulikana?"

"Ndivyo anavyoitwa. Sote si waja wa Mungu?"

"Wewe una nasaba naye? Damu, au ndoa, au ulezi?"

"Hapana."

"Apa kwamba Aban alikwambia haya kama ulivyoyasema."

Hudayr aliapa. Kiapo kilikuwa cha kweli, kila neno lake. Ile "hapana" hakuapishwa, lakini alijua kwamba siku ya hesabu ndiyo atakayoulizwa, na alikuwa tayari kuulizwa.

Hizam akamsomea. "Amenisimulia Hudayr, msokota kamba wa Dameski, mtu mkweli asiye na maslahi katika habari hii, kutoka kwa Aban bin Kulthum wa Hims, aliyekuwapo, kwamba aliyekata daraja la Zabu ni Waddah bin Abdallah, kwa amri ya amiri wake, kisha akajitosa mtoni akaokoa watu wawili, akazama akimwendea wa tatu. Na habari hii ina nguvu kuliko ya watu wa Mosuli, kwa kuwa hao hawakuwa majini." Akainua macho. "Ni sawa?"

"Sawa. Mimi sijui kusoma, bwana. Jina langu liko wapi hapo?"

Hizam akamwonyesha.

"Na lake?"

"Hili hapa."

Mzee aliweka kidole gumba juu ya moja na kidole kidogo juu ya jingine. Shubiri haikutimia. Alikaa hivyo mpaka Hizam akasema kwa upole kwamba wino haujakauka.

Mama Aslam alikuwa bado amesimama. Watu walimngoja yeye, maana walijua laana zake.

"Wa tatu hakujulikana ni nani?" akauliza.

"Aban hakumjua," Hudayr akasema.

"Bishr wangu alikuwa mrefu. Kichwa chake kingeonekana juu ya maji." Alifuta unga mikononi kwa ukingo wa mtandio. "Huenda alikuwa akimwendea Bishr. Nani ajuaye? Miaka yote nimemlaani mtu aliyekuwa akimwendea mume wangu." Kisha akageukia watu, akasema kwa ile sauti yake ya kuuzia mikate, ila sasa imeshuka. "Jamani, kijana huyu hana baba, hana mama, ameokotwa na amekufa kama alivyookotwa. Hakuna anayemlilia duniani. Basi tumwombee sisi, tusio wake. Inueni mikono. Na wewe mzee, inua, hata kama humjui."

Waliinua mikono. Akaomba Waddah asamehewe, akaomba kaburi lake la maji liwe pana, akaomba na baba yake popote alipo, kama yu hai, Mungu ampe habari ya mwanawe.

"Amina," watu wakaitikia.

"Amina," Hudayr akasema pamoja nao, sauti yake sawa na ya mtu baki.